Kenya: hakimu akisema "miaka mitatu", ni miezi mingapi ndani?

MdadisiWaKilindini
Wakuu, naomba ufafanuzi. Tuseme watu wawili wamekamatwa tarehe 1 Julai 2021 kwa kosa moja, wakakaa rumande miezi 8, wakahukumiwa tarehe 1 Machi 2022. Wote wanasemwa "wamepigwa miaka 3". Mmoja karatasi yake inaonyesha atatoka mwisho wa Juni 2023, wa pili Septemba 20 mwaka huohuo. Hakuna aliyevunja kanuni ndani. Nani kakosea hesabu? Na hii theluthi ya kifungo inayopunguzwa kwa nidhamu njema ni haki ya mfungwa au ni hisani ya mkuu wa gereza?

Waranti_Kwanza
Hakuna aliyekosea. Kilichotofautiana ni maneno ya hakimu.

Kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamtaka hakimu azingatie muda wa rumande. Ila kuzingatia kuna namna mbili. Wa kwanza kaambiwa: miaka 3 kuanzia siku ya kukamatwa. Miezi 36, theluthi ni 12, zinabaki 24. Hesabu kuanzia Julai 2021, unafika mwisho wa Juni 2023.

Wa pili hakimu katoa miezi 8 kwanza, akaandika miezi 28 kuanzia siku ya hukumu. Theluthi ya 28 ni miezi 9 na siku 10, kwa hiyo anakaa miezi 18 na siku 20 baada ya hukumu. Umeona ile tofauti ya miezi 2 na siku 20? Ndiyo theluthi ya ile miezi 8 ya rumande. Huyu rumande yake imehesabiwa nzima, haikupata punguzo.

Kuna na wa tatu hujamtaja, na ndio wengi: hakimu anasema "nimezingatia muda wa rumande" halafu waranti (karatasi ya mahakama inayompeleka mtu gerezani) inaandikwa miaka 3 kuanzia siku ya hukumu. Huyo anatoka mwisho wa Februari 2024. Mahakama ya Rufani ilishalikataa hilo mwaka 2018 katika kesi ya Ahamad Abolfathi Mohammed: kutamka tu hakutoshi, lazima kifungo kipungue kweli.

Angalizo: muda wa kuwa nje kwa dhamana hauingii. Ukikaa rumande wiki tatu kisha ukapata dhamana mwaka mzima, unadai wiki tatu tu.

MamaSheria_Kisumu
Naongezea hapo kwa Waranti. Ofisi ya gereza haisomi hukumu, inasoma waranti ya kifungo. Karani akisahau kuandika tarehe ya kuanzia, wanahesabu kutoka siku ya hukumu, na hapo usimlaumu askari jela. Familia iombe nakala ya waranti na ya mwenendo wa kesi mapema, izilinganishe. Kama kosa ni la karani, unarudi mahakama ileile waranti irekebishwe. Kama ni la hakimu, ni rufaa ndani ya siku 14, au ombi la mapitio Mahakama Kuu.

Kuhusu theluthi: kifungu cha 46 cha Sheria ya Magereza, kwa kifungo kinachozidi mwezi mmoja. Mfungwa anaandikiwa punguzo lote siku anayoingia, kisha analipoteza akikosea. Ndiyo maana ni fimbo nzuri ya nidhamu: anachonyang'anywa tayari ni chake. Siku za seli ya peke yake kama adhabu hazichumi punguzo, na za hospitali kwa kosa lake mwenyewe pia hazichumi. Hakuna anayetoka kabla ya kumaliza mwezi mmoja kamili, kwa hiyo aliyefungwa siku 40 asipige hesabu ya siku 27. Wa maisha hawapati. Wa unyang'anyi wa kifungu cha 296(1) cha Kanuni ya Adhabu nao hawapati, na hapo ndipo familia nyingi hukosea, wanadhani miaka 14 itakuwa 9 na kitu.

Mzalendo_Dodoma
Huku Tanzania theluthi ipo pia, lakini kuna parole (kuachiliwa mapema kwa masharti) juu yake, Sheria ya Bodi za Parole ya 1994. Kifungo kiwe miaka 4 au zaidi na uwe umetumikia theluthi moja. Wa maisha na wa unyang'anyi wa kutumia silaha wametengwa. Ukitoka unamalizia nje chini ya uangalizi, ukivunja masharti unarudi. Kwa maoni yangu theluthi inapima utulivu tu. Mtu anaweza kukaa kimya miaka miwili bila kubadilika hata kidogo. Bodi angalau inamwangalia mtu mwenyewe, ingawa kwa mafaili yetu inachukua muda.

MdadisiWaKilindini
Shukrani, nimeelewa. Na aliyeshindwa kulipa faini?

MamaSheria_Kisumu
Kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu kina ukomo: faini hadi 500, siku 14, hadi 2,500, mwezi, hadi 15,000, miezi 3, hadi 50,000, miezi 6, zaidi ya hapo, miezi 12. Ukiona faini ya 10,000 "au miezi 6", hiyo imezidi, ikatiwe rufaa. Na msisubiri hadi pesa yote ipatikane. Kati ya 30,000 mkilipa 15,000, kifungo cha miezi 6 kinashuka nusu.

Ila kabla ya kufika huko, siku ya kuomba kupunguziwa adhabu mbele ya hakimu, ombeni ripoti ya afisa wa probesheni (anayesimamia wanaotumikia adhabu nje ya gereza). Kifungo kisichozidi miaka 3 kinaweza kugeuzwa huduma kwa jamii chini ya sheria ya 1998. Afisa atauliza anakoishi na nani atamsimamia, kwa hiyo awepo mtu wa nyumbani wa kujibu simu.