Eksirei ya filamu, CR au DR, ipi inachafua kidogo?

Fundi_Mionzi: Wakuu za kazi. Hospitali yetu ya wilaya bado tuko chumba cha giza, developa na fiksa (dawa za kusafishia filamu), maji ya kuoshea filamu yote yanaishia kwenye sinki. Sasa bajeti imepita tuchague CR (kaseti unapiga picha kisha mashine inaisoma) au DR (paneli inayotuma picha moja kwa moja kwenye kompyuta). Bei naijua, nachouliza ni upande wa mazingira.

BibiPicha: Chochote kitakachokutoa kwenye fiksa ni nafuu. Fiksa iliyotumika ina madini ya fedha, developa nayo ina haidrokwinoni, ni sumu kwa samaki. Wakati mnasubiri mashine msizimwage, wekeni kwenye madumu yenye lebo, ile fedha inatolewa kwa umeme na ina soko. Na filamu za zamani jamani msizichome nyuma ya jiko la hospitali.

zamu_ya_usiku: DR mkuu. Paneli unaifunga kwenye mashine ileile kama tyubu yake ya kutoa mionzi bado nzima, mashine huitupi, ila TAEC (Tume ya Nguvu za Atomiki) wajulishwe. CR ina kaseti, ina mashine ya kuzisoma, na hiyo mashine inakula umeme. Sema paneli ikidondoka umeumia, kaseti ikivunjika unabadilisha moja tu kazi inaendelea.

Mama_Wodi4: Mnasahau printa! Kwetu DR ipo na bado kila mgonjwa anatoka na picha iliyoprintiwa kwenye plastiki mkononi kwa sababu daktari wodini hana skrini ya kuangalizia, sasa hapo tumeokoa nini? Kabla ya paneli ulizia kompyuta za wodini.

Fundi_Mionzi: Wa rufaa je dada? Huko wanakoenda wanadai picha.

Mama_Wodi4: Printi za rufaa tu, au wachomee CD.

mzee_wa_CT: Na umeme pia. Basel kule Uswisi walipima, majibu yakatoka 2020, CT 3 (eksirei za kuzunguka mwili) na MRI 4 (mashine za sumaku) pamoja na upoozaji wake zilikula kama asilimia 4 ya nishati ya hospitali nzima kwa mwaka, na kwenye CT theluthi mbili hivi ya umeme ilikwenda mashine ikiwa imekaa tu haimpigi mtu picha. MRI sawa, huizimi, ile mitambo ya kupoozea heliamu inafanya kazi usiku kucha. Ila nyie eksirei ya wilaya mkifunga saa tisa na nusu, monita na printa vinawaka mpaka asubuhi vinamsubiri nani?

Fundi_Mionzi: 😂 umetuona mzee. Swali la mwisho, paneli ya waya au ya betri?

zamu_ya_usiku: Kama haitoki chumbani chukua ya waya, betri zikifa utazitupa wapi.