Mke wangu ataka tuhamie Bamburi, mimi nimelelewa na nyumba nzima. Nishaurini

MwanaKibokoni
Assalam alaykum. Nina mke na watoto wawili, mkubwa ana miaka saba. Twakaa Mji wa Kale, Mombasa, nyumba aliyotuachia babu. Chini yuko mamangu na shangazi, juu ni sisi na ndugu yangu na mkewe. Nimekulia humo humo. Tulikuwa watoto tisa, wetu na wa maami, sinia moja, na ukichelewa kutoka madrasa wakuta wali mtupu, nyama ishakwenda. Ukiniuliza nani hasa alinilea sina jibu. Nikiugua nilipelekwa hospitali na shangazi, viatu vya skuli alininunulia ami, na fimbo nilipigwa na yeyote aliyekuwa karibu.

Mke wangu ametoka Changamwe. Babake alifanya kazi bandarini. Nyumba ya vyumba viwili, watoto wawili, ikifika magharibi mlango wafungwa. Kwao hata ndugu humbishia nduguye hodi. Kwetu jirani akitaka chumvi huingia moja kwa moja hadi jikoni.

Mwezi uliopita aliniambia amechoka kuishi kwa watu, tutafute nyumba ya kupanga Bamburi, ng'ambo ya daraja. Hajagombana na mtu. Nilipomweleza mamangu alilia, shangazi akasema kumbe tumekuwa mzigo, na sasa nyumba nzima inanong'ona. Mimi nahofia watoto. Huyu mkubwa jioni hukaa barazani na wazee, anajua kumwamkia kila apitaye na nani ni nani kwetu. Kule atalelewa na televisheni na mlinzi wa geti. Nifanyeje?

Fundi_Likoni
Hama. Mimi navuka feri kila siku ya kazi, wewe waogopa Daraja la Nyali? Ijumaa ukitoka msikitini pita kwa mama, kula, rudi kwako.

BuiKuze
Ndugu yangu, mkeo alikwambia wewe. Mamako alijuaje kabla mkeo hajapata jibu?

Nami nimelelewa nyumba kama hiyo, naijua. Kwetu hakuna aliyemwambia mwenzake neno usoni. Mama akiudhiwa na wifi yake, humwambia nyanya, nyanya amwambie ami, ami amwambie mkewe, na likifika lishaota mkia. Lilikuwa na faida yake, wallahi, watu hawakutukanana. Lakini mkeo kwao walikuwa wanne, hakuna wa kumtuma. Alikwambia mara moja akadhani amemaliza, na wewe ukalipeleka chini. Hata sasa umetuletea sisi.

MwanaKibokoni
Hilo la mwisho limenichoma dada, ila nimecheka.

MwalimuMstaafu
Tusimcheke, hofu yake ina msingi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda, akawa anazuru nyumba za Waganda karibu na Kampala kuangalia watoto wachanga wanavyoshikamana na watu wao. Aliwakuta wamemshika mama, na wengi pia wamemshika baba, nyanya au ndugu mkubwa. Kwa hiyo mtoto kuwa wa watu wengi si ndoto ya wazee wa barazani tu. Lakini aliona pia kwamba utulivu wa mtoto ulikwenda sambamba na mama anayemsoma mwanawe vizuri. Mama aliyechoka atamsomaje?

Jambo la pili. Mwaka 1987 wanasaikolojia Robert Plomin na Denise Daniels waliuliza kwa nini watoto wa nyumba moja hutofautiana kiasi hiki. Walionyesha kwamba sehemu kubwa ya mazingira yanayotuathiri ndugu hatuigawani, kila mmoja ana yake. Una dada? Muulize yeye nyumba hiyo ilikuwaje.

MwanaKibokoni
Nimempigia. Yuko Malindi, kaolewa huko. Nikamsimulia habari ya sinia na watoto tisa. Akaniuliza, hao tisa ni kina nani? Nikawataja. Akasema, "Na sisi?" Wasichana walikuwa watano, mwalimu. Walikuwa jikoni wakikuna nazi, na wakila baada yetu. Baraza yeye aijua kwa kuifagia. Siku zote nilimwona ana roho ndogo kwa kuwa kwake hataki mtu aguse mwiko wake.

MamaWatatu
Na mkeo apika wapi?

MwanaKibokoni
Jikoni la chini. Na mavyaa wake, shangazi, na mke wa ndugu yangu.

MamaWatatu
Basi. Wanawake wanne kwa jiko moja, na wewe watuambia hajagombana na mtu! Huenda shida si Mji wa Kale. Kugeuza kuta huko ni shughuli, ni eneo la hifadhi, ruhusa sharti, lakini kuweka meza na jiko la gesi ghorofani hakuhitaji ruhusa ya serikali. Muulize.

Fundi_Likoni
Jiko la gesi halina mlango. Hama.

BuiKuze
Muulize, na safari hii mamako asiwe wa kwanza kujua.

MwanaKibokoni
Tumeongea jana. Tuliwapeleka watoto bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, tukala mihogo, wakatuacha kidogo. Jiko la juu amelikataa, asema nikishaweka jiko sitahama tena, na hapo amenijua. Ataka mlango wake, lakini ataka pia mkubwa awe analala kwa nyanya yake kila Ijumaa, tena amelisema yeye kabla yangu. Bamburi ameiacha kwa sababu ya skuli. Jumamosi twaenda kutazama nyumba Tudor, huku huku kisiwani, na mama nitamwambia nikiwa naye huyo mke wangu. Wenye kujua, vyumba viwili huko ni kodi gani siku hizi?

Fundi_Likoni
Uliza maji kwanza. Kama hakuna kisima na tangi kubwa, hata wakikupunguzia kodi usichukue.