Kiebrania: darasa la sinagogi, chuo, seminari au simu? Naomba mnilinganishie

Dada_wa_Voi

Hamjambo wote. Niko New Jersey, natunza wazee, ile kazi ya kulala humo humo. Bibi niliye naye ni Myahudi aliyekulia Brooklyn, miaka 91, na kumbukumbu inamtoroka. Jina langu hulipoteza kila asubuhi. Lakini Ijumaa jua likielekea kuzama, nikimshikia kiberiti akawasha mishumaa yake miwili, hufunika macho kwa viganja na Kiebrania kikamtoka mfululizo, hakwami hata neno moja. Kisha hunipa kitabu chake cha sala nimsomee Zaburi. Kitabu chenyewe kimelegea mgongo, na mimi sijui hata kinafunguliwa upande gani.

Nataka kujifunza kukisoma. Sibadili dini, nasema mapema.

Nimepata njia nne. Sinagogi la mtaa wa pili, la Wayahudi wa mageuzi, lina madarasa ya watu wazima: Kiebrania cha wanaoanza, Jumanne saa moja usiku, wiki 10, dola 150 kwa asiye mwanachama, kitabu mbali. Jumamosi asubuhi wana somo la Torati pia, hilo ni bure. Halafu kuna chuo cha kaunti, Kiebrania cha kisasa, muhula mzima kwa mtandao, bei mara sita ya hiyo. Rafiki yangu aliye seminari ananivuta nichukue Kiebrania cha Biblia huko kwao, kwa masafa. Na kuna simu yangu hii, programu ya bure. Hiyo nimeshaianza na sasa ninaweza kusema "mvulana anakula tufaha".

Nafasi yangu ni Jumanne jioni, binti yake akija kukaa naye, na Jumamosi moja moja. Mngekuwa nyinyi mngechukua ipi?

Mchungaji_Mstaafu

Binti yangu, hiyo ya seminari iache.

Nilisoma Kiebrania miaka miwili chuo cha theolojia huku Tanzania, na nilifaulu. Tulianza na majedwali ya vitenzi: minyambuliko saba mikuu, kila mmoja na jedwali lake, mwalimu akitaja mzizi wa herufi tatu unamwaga umbo lolote analolitaka. Hadi leo ukinipa mstari wa Mwanzo na kamusi, baada ya nusu saa nitakueleza kila neno limezaliwa wapi. Kwa mtu wa mahubiri hiyo ni hazina, siidharau.

Lakini mwaka mmoja nikiwa safarini London nilialikwa kwenye ibada yao. Niliachwa ukurasa wa kwanza. Wale wanasali maneno yale tangu utotoni, wanakwenda mbio kwa sauti ya chini, na mimi bado natafuta kiima. Chuoni hatukuwahi kusoma kwa sauti zaidi ya mstari mmoja mmoja. Bibi yako hana haja ya kuchambuliwa kitenzi.

Hoho_Nyekundu

Nilikuwa Arava, kusini mwa Israeli, miezi 11, mafunzo ya kilimo. Pilipili hoho kuanzia alfajiri. Watu hudhani ukikaa kule lugha inakuingia yenyewe. Shambani wenzangu wengi walikuwa Wathai, nikarudi Kitale nina Kithai cha kuombea chumvi na Kiebrania cha kuharakishwa.

Kiebrania cha kisasa ni cha maisha: nauli, daktari, bili ya mgahawani (wanaiita kheshbon, ndugu ya hesabu yetu). Na kinaandikwa bila alama za irabu, iwe gazeti au ujumbe wa simu. Unatakiwa uijue lugha kwanza ndipo uisome. Wahamiaji wapya hupelekwa ulpani, darasa la mfululizo, saa kadhaa kila siku. Ile ya kwanza ilifunguliwa Yerusalemu mwaka 1949, wakati watu wanashuka kutoka kila nchi na hawaelewani. Kwa anayetaka kuongea sijaona kinachoishinda. Lakini wewe una jioni moja kwa wiki, na unachotaka ni Zaburi. Pesa ya chuo cha kaunti tuma nyumbani.

Nasimiyu_Toronto

Dada, mimi nimepita hapo hapo. Mume wangu ni Myahudi, na darasa la sinagogi nimelisoma majira mawili ya baridi.

Usiku wa kwanza nilijua nitakuwa mgeni peke yangu. Tulikuwa tisa. Wawili walitaka kuingia dini, mmoja alikuwa mchumba wa mtu kama mimi, na waliobaki wote walizaliwa Wayahudi na hawaijui hata alef, herufi ya kwanza. Kulikuwa na mama wa miaka 74 anayejiandaa kwa bat mitzvah yake, yaani siku ya mwanamke kusimama kusoma Torati. Mvulana kwao akifika miaka 13 husimama kusoma Torati mbele ya watu, hiyo ni desturi ya tangu na tangu. Msichana wa kwanza kufanyiwa bat mitzvah Marekani alikuwa Judith Kaplan, New York, mwaka 1922, na baada yake masinagogi mengi yalichukua miongo kufuata. Kwa hiyo kuna bibi wengi waliokaa kitako wakiwatazama kaka zao. Sasa wamestaafu, wamekuja kudai zamu yao. Ndiyo maana haya madarasa yana mwendo wa pole, na hakuna anayemcheka mwenzake.

Mnachofundishwa: herufi 22, tano kati yake zikikaa mwisho wa neno hubadili umbo. Mbili tatu kila wiki, pamoja na irabu, ambazo ni vinukta na vistari, vingi vyake vikikaa chini ya herufi. Zinazotesa ni zile pacha. Dalet na resh tofauti yake ni kipembe tu. Mwezi mzima nilisoma ekhad, yaani mmoja, kama akher, yaani mwingine. Na katika Shema, ile sala ya "Bwana ni mmoja", hilo ndilo kosa ambalo hutaki kulifanya kwa sauti! Mwalimu alituonyesha kwamba katika hati ya Torati dalet ya neno hilo huandikwa kubwa kuliko herufi nyingine, ili mtu asipotee.

Wiki ya kumi utakuwa unasoma kama mtoto wa darasa la kwanza, kidole kwenye mstari, na sehemu kubwa ya unachosoma huielewi. Mwenzetu mmoja alikasirika akaacha: lugha gani hii haifundishwi maana? Alikuwa na haki, ila alikosea mlango. Lile ni darasa la kufuata kitabu cha sala. Anayetaka kuongea atatoka pale na baruku (abarikiwe) na amina tu.

Mtoto_wa_Ngambo

Salaam kutoka Maskati. Hilo la kusoma kwanza, maana baadaye, sisi tuliopita chuoni kwa maalimu tunalijua. Nilihitimu juzuu zangu Unguja kabla sijajua hata neno moja linasema nini.

Kiebrania nilijifunza mwenyewe, kwa udadisi, kwa video na programu ya simu, kwa hiyo hapo ndipo naweza kusema. Simu inafaa kwa herufi. Dakika kumi ndani ya basi, kila siku, macho yanazoea. Baada ya hapo niliyotumia mimi ilinipa sentensi za kisasa zisizo na irabu, na kitabu cha sala kimejaa irabu tele. Ni kama kumfundisha mtu Kiarabu kwa gazeti halafu umpe msahafu.

Mswahili ana akiba asiyoijua. Damu ni dam. Roho ni ruakh. Nafsi ni nefesh, baraka ni brakha, rehema ni rakhamim, saba ni sheva, tisa ni tesha. Kitabu, katibu, maktaba na mkataba ni watoto wa mzizi mmoja wa kuandika, tuliouchukua kwa Waarabu. Kwa Wayahudi mzizi ule ule umezaa mikhtav, barua, na ketuba, hati ya ndoa. Ila usilewe nao. Karov ni karibu ya umbali peke yake, mgeni humkaribishi nayo. Nilijaribu, nikaulizwa karibu na wapi.

Mzee_wa_Eldoret

Mnajua nusura Wayahudi wawe majirani zetu? Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwapendekezea ardhi hapa hapa, Uasin Gishu. Walituma watu waje kuangalia, na mkutano wao wa 1905 ukakataa. Leo dada angesoma Kiebrania Eldoret bila kulipa.

Hoho_Nyekundu

Mzee, na mahindi tungelima wapi? Turudi kwenye mada.

Wanyenze_Mbale

Mimi nilisoma sekondari ya Semei Kakungulu hapa Mbale, Wakristo, Waislamu na Wayahudi dawati moja. Abayudaya, yaani Wayahudi wa huku Uganda, wako hapa tangu 1919, Kakungulu mwenyewe ndiye aliyeanza. Wenzangu darasani walizijua sala kwa tuni kabla ya kuzijua kwa herufi. Zaburi nyingine wanaimba kwa Luganda, nyingine kwa Kiebrania, na sauti ni za nyumbani kabisa. Nilikuwa nakaa nyuma Ijumaa usiku, muhula mmoja tu nikawa naimba wimbo wa kuipokea Sabato ambao mpaka leo nikiandikiwa siwezi kuusoma.

Kwa hiyo mimi ningeongeza njia ya tano, bibi mwenyewe. Mrekodi anapoomba, usikilize ukipika.

Nasimiyu_Toronto

Wazo zuri, lakini ruhusa aitoe binti yake, na urekodi siku ya kazi, si Ijumaa usiku. Nyumba nyingi hazigusi simu Sabato ikishaingia.

Dada_wa_Voi

Asanteni jamani. Swali dogo limenisumbua. Sabato, bibi anaiita "Shabbos". Video zote zinasema "Shabbat". Nani amekosea?

Nasimiyu_Toronto

Hakuna aliyekosea. Bibi ana matamshi ya Kiashkenazi, ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, ndiyo waliyokuja nayo Brooklyn. Madarasa mengi siku hizi yanafundisha ya Israeli. Wewe jifunze kama mwalimu anavyosema, ukifika nyumbani geuza: herufi tav (t yao) isiyo na nukta ndani isome s, na ile irabu inayofanana na herufi T ndogo chini ya herufi, wanayoisoma a, yeye mara nyingi ataisema o. Programu haitakuambia hilo, na chuo cha kaunti pia sidhani. Mwalimu wa sinagogi atakuambia dakika ya kwanza, kwa sababu bibi yake mwenyewe alisema hivyo hivyo.

Kuhusu Jumamosi: somo la Torati ni kitu kingine kabisa, usilihesabu kama darasa la lugha. Torati imegawanywa sehemu 54, kila wiki sehemu yake, inaisha na kuanza upya baada ya sikukuu zao za Septemba na Oktoba. Sehemu ya wiki ile utaipata bure kwenye tovuti ya Sefaria, Kiebrania upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Watu wanakaa mezani na kahawa, wanasoma kwa Kiingereza, wanabishana. Kubishana ndiko kusoma kwao. Aliyezoea mahubiri ya Kanisani atadhani kuna ugomvi.

Na jambo moja kubwa, usiende ghafla. Tangu watu 11 walipouawa sinagogini Pittsburgh, Oktoba 2018, mlango wa sinagogi una mlinzi na mara nyingi umefungwa. Mgeni asiyejulikana, mfuko mgongoni, atasimamishwa, awe mweusi au mweupe, ingawa sitakudanganya kwamba sisi hatusimamishwi zaidi. Piga simu ofisini, taja jina, sema darasa gani. Ukifika watakuwa na jina lako.

Mchungaji_Mstaafu

Ongeza hili: mwambie mwalimu mapema kwamba wewe ni Mkristo na umekuja kwa ajili ya bibi. Wamechoshwa na watu wanaojifunza lugha yao ili wawahubirie. Nasema hivyo mimi mchungaji.

Dada_wa_Voi

Wiki tano zimepita, narudi na habari.

Nilichukua Jumanne. Nilipiga simu kwanza, nikaeleza yote, mwalimu akanyamaza kidogo kisha akasema bei nitalipa nusu. Tuko saba. Mimi peke yangu ndiye ninayeitoa kh bila kutema mate, kumbe "kheri" na "masalkheri" zilikuwa mazoezi. Resh na dalet bado zinanichezea. Simu nimeiachia herufi tu, ndani ya basi, kama alivyosema ndugu wa Maskati.

Jumamosi nimekwenda mara moja. Saa nzima tulikwama kwenye mstari mmoja, na wazee wawili wakabishana na Rashi, mfafanuzi wa Torati, Mfaransa aliyefariki mwaka 1105, kana kwamba yuko pale mezani anakunywa kahawa. Nilicheka hadi nikasahau kuandika, halafu nikaambiwa wengine pale hawaandiki kabisa siku ya Sabato, kwa hiyo nilikuwa na adabu bila kujua. Sijarudi tena. Si kwa ubaya, ni usingizi wa mtu wa zamu.

Bibi nilimsomea mwanzo wa Zaburi 121. Mstari mmoja, dakika nzima. Neno la pili tu alinishika mkono, akalirudia kwa s yake ya Brooklyn, kisha akaumalizia mstari mwenyewe, macho amefumba. Asubuhi aliniuliza mimi ni nani.

Sasa shida yangu ni kitabu. Cha mazoezi nimekaribia kukimaliza na cha pili yake dukani hakipo. Kuna mwenye nakala ya zamani? Posta nalipa mimi.

Nasimiyu_Toronto

Ninacho. Nimekijaza majibu kwa penseli, mengi ni makosa. Nitakutumia pamoja na kifutio.