Kambi ya kutwa au ya bweni: kiangazi hiki niende wapi?

Kibonde_OH
Wakuu, habari za humu. Niko Columbus, Ohio, chuo mwaka wa pili, karatasi ziko sawa. Nimepata nafasi mbili za kulea watoto kwenye kambi za likizo ya kiangazi. Moja ni ya kutwa hapa mjini, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, malipo kwa saa. Nyingine ni ya bweni huko milimani Pennsylvania, wiki nane, kula na kulala bure, ila wanalipa kwa mkupuo mwisho wa msimu. Wazoefu, nipeni mwanga.

Mama Neema
Mdogo wangu, chukua huo mkupuo ugawe kwa saa zote utakazokuwa na watoto, halafu urudi hapa tuongee. Sheria ya shirikisho inaziruhusu kambi za msimu zisizofanya kazi zaidi ya miezi 7 kwa mwaka kutofuata kima cha chini cha dola 7.25 kwa saa. Majimbo mengine yana sheria zao, kaangalie.

Otis254
Mama Neema umesema kweli, lakini bweni hutumii hata senti. Nilirudi na hela yote. Shida ni usiku: mtoto wa miaka saba anamlilia mamake, na mamake usiku huo ni wewe.

Shangazi_wa_Tx
Mimi ni wa kutwa, Houston. Msidhani ni kucheza tu. Siku ya bwawa ndiyo kazi yenyewe. Kila mtoto ana mwenzake. Filimbi ikilia wanashikana mikono juu, mnahesabu. Akipungua mmoja, wote nje ya maji, hata kama una hakika yuko chooni. Jioni nako hakuna kumkabidhi mtoto kwa sura. Jina liwe kwenye orodha, kitambulisho ukione. Wapo bibi watakaokununia, waache wanune. Ila saa kumi na moja niko kwangu, miguu kwenye ndoo ya maji.

Mzawa_Dar
Na sisi tulioko Bongo?

Otis254
Ipo viza ya J-1 ya kambi. Uwe na miaka 18 au zaidi, upitie shirika linalokudhamini, na hauzidishi miezi 4. Walio huko tayari kwa F-1, viza ya mwanafunzi, msiguse kambi ya nje ya chuo bila kibali, hata wakikubembeleza.

Kibonde_OH
Asanteni. Chumba nimeshakilipia hadi Agosti, kwa hiyo malazi ya bure hayanisaidii kitu. Nabaki na ya kutwa. Sasa, cheti cha huduma ya kwanza nalipia mimi?

Shangazi_wa_Tx
Waulize kabla ya kusaini. Wengine wanafundisha wenyewe wiki ya mafunzo. Ukilipia mwenyewe, cha Red Cross kinadumu miaka 2, mwakani bado utakitumia. Na waulize kama wiki ya mafunzo inalipwa.