Spea iliyokaa stoo zaidi ya miaka 40 bila kufungwa: iuzwe kama mpya?

MLETA MADA: Wakuu, hoja hii ni kwa wenye magari ya kale na mafundi wao. Kuna spea zilizotoka kiwandani miaka ya 1960 na 1970, hazijawahi kufungwa kwenye gari lolote, na leo zinauzwa ndani ya boksi lake la awali kama kitu kipya. Msimamo wangu: chochote chenye mpira kinachohusu breki, petroli au tairi kisiruhusiwe kuuzwa hivyo.

Mpira unazeeka hata rafuni. Oksijeni na ozoni huushambulia taratibu, unakakamaa, unaanza nyufa ambazo jicho halizioni mpaka uukunje. Kwa tairi hakuna anayebisha. Tangu mwaka 2000, tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT (alama ya Idara ya Uchukuzi ya Marekani) ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2318 ni wiki ya 23, mwaka 2018. Michelin na Continental wanashauri tairi litolewe likifikisha miaka 10 tangu litengenezwe, hata la akiba.

Sasa mtu huyohuyo anayekagua tairi anafunga masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) ya 1965 na mipira yake ya 1965! Magari mengi ya enzi hizo yana laini moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote. Marekani ilianza kulazimisha laini mbili kwenye magari mapya ya abiria mwaka 1968. Kwenye laini moja, mpira wa masta ukiachia, pedali inazama na magurudumu yote manne hayana breki.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Mkuu, kwenye breki umesema kweli, ila usiwatishe watu wakakimbilia spea za nakala zinazotengenezwa sasa wakidhani wako salama. Nimefunga kondensa mpya (za mfumo wa kuwasha injini) zikafa mapema, na bushi ambazo vipimo vyake havikai. Gia ya kiwanda, kioo, taa, fremu ya dirisha: hivyo nitachukua vya zamani bila kufikiri mara mbili. Hata beringi. Osha grisi iliyoganda, kagua kutu kwenye njia ya gololi, izungushe kwa mkono usikilize, paka grisi mpya, funga.

MLETA MADA: Kwenye chuma tuko pamoja kabisa. Hata masta yenyewe sisemi itupwe: ifungueni, mkague ukuta wa ndani kama kutu haijachimba vishimo, kisha mfunge seti mpya ya mipira. Kondensa za kale nazo zipimwe kwanza, nyingi zina karatasi ndani na karatasi huvuta unyevu.

MCHANGIAJI WA PILI: Mmesahau mawili. Lainingi nyingi za breki za zamani zina asbesto, nyuzi za madini zenye kudhuru mapafu. Ukiisugua au kupuliza ngoma ya breki kwa upepo wa kompresa, vumbi lile linaingia mapafuni mwa fundi. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kufikia 2005. Pili, hosi za petroli za wakati ule hazikutengenezwa kwa petroli yenye ethanoli (aina ya alkoholi), na Uingereza, kwa mfano, imeweka E10, yaani yenye ethanoli hadi asilimia 10, kuwa petroli ya kawaida tangu 2021. Hosi ikilainika juu ya injini ya moto, mnajua kinachofuata. Ila sheria ya kuzuia uuzaji siiungi mkono. Mnunuzi ni mtu mzima, na wapo wanaotaka gari la maonyesho tu, lisilotembea.

MLETA MADA: Ndugu, wa maonyesho anunue, sina neno naye. Lakini gari linalotembea lina abiria, na kuna anayevuka barabara mbele yake. Hao hawakuulizwa kuhusu boksi la zamani. Ndiyo maana nataka muuzaji aandike mwaka wa kutengenezwa, na kwa breki na hosi aandike wazi kwamba si za kufunga kwenye gari la barabarani. Asiyejua mwaka aseme hajui. Kuna muuzaji hapa anayeona hilo ni gumu? Atueleze ugumu uko wapi.