Mjadala: Inchaji wa wodi avae koti jeupe, au abaki na sare ya uuguzi?

Jamani wa Mombasa, wauguzi wenzangu na nyinyi mnaolaza wagonjwa wenu, jambo hili tulizungumze wazi. Kuna wanaotaka matroni na mainchaji, yaani wauguzi wanaosimamia wodi, wavae koti jeupe kazini ili wajulikane kuwa ni viongozi. Mimi ni muuguzi na napinga.

Wanaolitaka wana uchungu wa kweli. Inchaji amesoma, amekesha zamu za usiku miaka na miaka, halafu akiingia kikaoni anaulizwa faili ziko wapi. Mgomo wa wauguzi wa kaunti wa 2017, ulioanza Juni ukaisha Novemba, ulihusu mkataba wa malipo, lakini wengi wetu hili la kudharauliwa lilikuwa moyoni pia. Tena kwa wanawake ni zaidi. Muuguzi wa kiume akipita wodini huitwa daktari hata akiwa na sare kama zetu. Sista anayemwongoza yupo hapo hapo kando, na jamaa za mgonjwa wanamruka kwenda kumuuliza yule kijana.

Basi avae koti aheshimiwe? Hapo ndipo tunapoachana. Akivaa koti, watu watamsalimu kwa adabu kwa kuwa wamemdhania daktari. Heshima hiyo haimfikii muuguzi hata chembe. Kesho yake sista asiye na koti atadharauliwa zaidi, maana tumeshakubali wenyewe kwamba sare yetu haitoshi.

Halafu tazameni koridoni saa nne asubuhi. Koti analo daktari, analo afisa wa kliniki, mfamasia, wa maabara, wa lishe, na wanafunzi kundi zima. Mama wa watu amejitanda leso, bahasha ya eksirei mkononi, anamsimamisha kila koti linalopita: "Daktari, nisomee picha ya mwanangu." Wa maabara anamwambia siye yeye. Mwanafunzi anaona haya, anamwelekeza mbele. Mtu ambaye angemshika mkono hadi kwa daktari anayehusika ni sista wa wodi ile, na huyo ndiye tunataka kumficha ndani ya koti jingine.

Kuna na usafi. Uingereza, wizara ya afya ilitoa mwongozo 2007 kwamba anayehudumia mgonjwa awe na mikono mitupu kuanzia kwenye kiwiko, na makoti marefu yakaanza kuondoka katika hospitali za England. Ushahidi kwamba mkono wa koti wenyewe huambukiza haukuwa mzito, lakini huwezi kunawa hadi juu ya kifundo cha mkono ukiwa umefunikwa hadi kiganjani. Na inchaji wetu si wa kukaa mezani: wauguzi wakiwa wachache, yeye ndiye anayesafisha kidonda. Ukiinama kubandua bendeji, ncha ya mkono wa koti inagusa trei, kisha shuka, kisha kitanda cha pili. Ongeza joto letu la Februari na Machi, feni inazunguka bila upepo. Atalivua alitundike, au atabaki nalo ofisini asiguse mgonjwa. Hilo la ofisini ndilo linalonitisha kuliko yote.

Mtasema matroni mkuu kazi yake ni vikao na ratiba. Sawa, kikaoni avae apendavyo. Nazungumzia wodini.

Ninachotaka mimi ni beji kubwa inayosomeka kwa mbali, kwa Kiswahili: MUUGUZI, MKUU WA WODI. Sare yake iwe na rangi ya peke yake. Jina na picha yake vibandikwe mlangoni, na mgonjwa akilazwa aambiwe, "Huyu ndiye mkubwa hapa, ukiwa na shida muite." Na kikaoni awe na sauti katika bajeti ya wodi yake: glavu, shuka, idadi ya watu wa zamu. Koti halimpi lolote katika hayo.

Mnaounga mkono koti, nijibuni hili moja. Mgonjwa anayengoja upasuaji anamwona inchaji na koti lake, anamshika mkono, anamuuliza, "Daktari, nitapona?" Inchaji aanze kwa kumjibu, au aanze kwa kumweleza kwamba yeye si daktari?