Mrejesho: picha za harusi ya wazazi kwenye TV

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini picha za harusi ya wazazi, nilizoskani hapa Mtwara mjini, zinatoka na ukungu kwenye TV. Mliosema nikaangalie dpi (idadi ya nukta ambazo skana inasoma kwa kila inchi), mlipatia. Steshenari waliniskania kwa dpi 150; picha ya inchi 6 ikawa na pikseli 900 tu, wakati TV ya Full HD ina 1920 kwa upana! Nimerudia kwa 600, zikafika 3600. Kile kipicha cha pasipoti cha babu nimekipandisha hadi 1200. Na kioo cha skana nilikifuta mwenyewe, kilijaa alama za vidole.

Jana nikachomeka flashi kwa mama, Mikindani. Akasogelea TV: “Ile kanga yangu ya korosho!” Kwenye karatasi ilionekana doa tu.